Somo la Sita: Kuchagua Vifaa Vinavyopatana na Kompyuta ya Zamani ya Michezo

Utangulizi

Wapo walaji ambao hawatafuti kompyuta mpya. Wanatafuta ile iliyotengenezwa kati ya mwaka 1995 na 2001, ama kwa sababu waliicheza michezo yake walipokuwa vijana, ama kwa sababu wamerithi mashine iliyotolewa ofisini na wanapenda kuifufua. Vifaa vya mashine hizo havitengenezwi tena. Hununuliwa vikiwa vimekwisha kutumika: kwa mafundi, katika maduka ya mitumba ya elektroniki, au kwa wauzaji wa nchi za nje kupitia intaneti. Mara nyingi muuzaji hana mashine ya kukijaribia kifaa, na mnunuzi hajui aulize nini.

Hasara inayotokana na hali hiyo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni fedha iliyolipwa kwa kifaa kisichofaa. Ya pili ni nzito zaidi: kifaa kisichopatana kinaweza kuunguza ubao mama, ambao wengi madukani huuita mazabodi. Kadi iliyoharibika hutafutiwa nyingine. Ubao mama wa miaka ile ukiungua, huenda mashine nzima ikawa imekwisha.

Fundisho kuu la somo hili ni kwamba kifaa kuingia katika nafasi yake si uthibitisho kuwa kinapatana na mashine. Upatanifu hupimwa kwa mambo manne: umbo la kifaa, umeme kinaoutumia, uwezo wa mashine kukitambua, na programu ya kukiendesha. Moja kati ya hayo likikosekana, kifaa hakifai hata kama ni kizima.

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:

(a) kuitambua mashine yake kabla ya kwenda sokoni;
(b) kutofautisha vifaa vinavyofanana kwa sura lakini visivyopatana;
(c) kumuuliza muuzaji maswali yanayostahili na kuyaweka majibu katika maandishi;
(d) kuzijua haki zake endapo kifaa hakitafanya kazi aliyoahidiwa.

1. Je, kifaa kinahitajika?

Kabla ya kutoa fedha, mlaji ajiulize kama anahitaji mashine ya zamani au anahitaji michezo ya zamani tu. Michezo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya mfumo wa DOS huchezwa vizuri katika kompyuta ya leo kwa kutumia DOSBox, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2002, ambayo huiga mashine ya kale pamoja na sauti zake. Anayetaka kucheza tu, ajaribu njia hii kwanza, kwa kuwa haina gharama wala hatari.

Njia hiyo haimtoshelezi kila mtu. Michezo ya miaka ya 1997 hadi 2000 iliandikwa kwa kutegemea kadi za picha za wakati wake. Mfano ni mchezo wa Unreal wa mwaka 1998, uliojengwa kwa kuzingatia kadi za kampuni ya 3dfx na lugha yake ya picha iitwayo Glide. Kampuni hiyo haipo tena, kwani mali zake nyingi zilinunuliwa na NVIDIA mwishoni mwa mwaka 2000. Anayetaka kuuona mchezo kama huo hasa kama ulivyokuwa, atalazimika kutafuta kifaa chenyewe. Sehemu zinazofuata zinamhusu yeye.

2. Ijue mashine yako

Tuchukue mfano wa kompyuta yenye prosesa ya Pentium III, ubao mama wenye chipseti ya Intel 440BX, na mfumo wa Windows 98. Chipseti hiyo ilitolewa mwaka 1998 na ilienea sana katika kompyuta za ofisini na za nyumbani, hivyo mfano huu unaweza kuwafaa wengi.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha fungua kifuniko cha pembeni. Jina la ubao mama aghalabu limechapishwa katikati ya sloti au karibu na prosesa. Liandike kama lilivyo, pamoja na namba ya toleo lake, kwa sababu matoleo mawili ya ubao mmoja yanaweza kutofautiana. Piga picha ya ubao wote, ya sloti zake, na ya kibandiko cha pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Picha hizo ndizo utakazokwenda nazo dukani.

Wakati huohuo, zitazame kapasita, zile silinda ndogo zilizosimama ubaoni. Iliyovimba kichwa au iliyovuja imeharibika, na fundi aishughulikie kabla hujanunua kitu kingine chochote. Itazame pia betri. Ikiwa ni bapa ya duara aina ya CR2032, hupatikana madukani hadi leo. Ikiwa ni ya silinda iliyounganishwa kwa risasi ubaoni, kama zilivyokuwa nyingi za miaka ya nyuma zaidi, aina hiyo huvuja ikizeeka na kula njia za shaba. Mwombe fundi aiondoe.

3. Umeme

Hatari ya kwanza ipo nyuma ya kisanduku cha umeme. Pawasaplai nyingi za zamani zina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye maandishi 115 na 230. Umeme wa majumbani nchini kwetu ni volti 230. Kompyuta au pawasaplai iliyotoka Marekani, ambako hutumika volti 120, inaweza kufika ikiwa imewekwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo ukutani, huungua papo hapo. Iangalie swichi hiyo kabla ya jambo lolote. Isiyo na swichi, soma kibandiko chake: ikiwa hakitaji 230 au 240, usiichomeke.

Hatari ya pili ni kuamini idadi ya wati peke yake. Ubao mama wa Pentium III wa miaka ile huchota umeme wa prosesa kutoka katika laini ya volti 5, ilhali pawasaplai za leo huelekeza nguvu yao kubwa katika laini ya volti 12. Kibandiko hutaja ampea za kila laini. Zidisha volti kwa ampea ili kupata wati za laini hiyo. Tuseme pawasaplai mpya ya wati 500 ina ampea 15 katika laini ya volti 5: hizo ni wati 75. Tuseme ya zamani ya wati 250 ina ampea 25 katika laini hiyohiyo: hizo ni wati 125. Kwa mashine yetu ya mfano, ile inayoonekana ndogo ndiyo yenye nguvu zaidi mahali inapohitajika.

Hatari ya tatu ni plagi inayoingia lakini haipatani. Kompyuta za aina ya ATX hutumia plagi ya pini 20, na pawasaplai nyingi za sasa zenye pini 24 hutenganisha pini nne ili zilizobaki ziingie. Hata hivyo, baadhi ya watengenezaji wa mwishoni mwa miaka ya 1990 walitumia plagi yenye umbo hilohilo lakini wakapanga nyaya zake kwa mpangilio wao wenyewe. Kuchomeka pawasaplai ya kawaida katika ubao wa namna hiyo huweza kuuharibu ubao. Kwa kompyuta ya kampuni kubwa ya wakati ule, fundi apime kila pini ya pawasaplai yake ya asili kabla ya kuibadilisha. Mashine za kale zaidi za aina ya AT zina plagi mbili zinazokaa sambamba. Kanuni yake ni kwamba nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati.

Usifungue pawasaplai wala skrini ya kioo kizito. Ndani yake hubaki umeme wenye kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani.

4. Kadi ya picha

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoweza kupotea, kwa sababu neno moja, AGP, hutumika kwa vifaa vyenye umeme tofauti. Sloti za AGP za mwanzo, zikiwamo za chipseti 440BX, hutumia volti 3.3. Zilizofuata, kwa mwendo wa mara nne, zilishuka hadi volti 1.5. Zilizokuja mwaka 2002, kwa mwendo wa mara nane, zilishusha umeme wa mawasiliano hadi volti 0.8.

Watengenezaji waliweka mapengo katika ukingo wa pini ili kuzuia makosa. Ishike kadi na uitazame mahali lilipo pengo. Likiwa karibu na bati la nyuma, lile linalofungwa kwa skrubu, kadi hiyo ni ya volti 3.3. Likiwa mbali na bati hilo, kadi ni ya volti 1.5. Kadi yenye mapengo yote mawili imekusudiwa kukubali umeme wa namna zote mbili. Kwa mashine yetu ya mfano, nunua yenye pengo la karibu na bati, au yenye mapengo mawili.

Kinga hiyo si kamili. Zilikuwapo kadi zilizokatwa mapengo mawili ingawa zilikuwa za volti 3.3 pekee, na kadi hizo ziliweza kuunguza ubao wa volti 1.5. Kwa hiyo mwenye ubao mpya kidogo, kwa mfano wa Pentium 4, asitosheke na pengo. Atafute jina kamili la kadi na maelezo ya mtengenezaji. Kadi ya Voodoo3 ya 3dfx, iliyotoka mwaka 1999 na inayotafutwa sana kwa ajili ya Glide, ni ya volti 3.3. Inaifaa mashine yetu ya mfano, lakini isiwekwe katika ubao wa volti 1.5.

Jambo la mwisho ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 98 tarehe 11 Julai 2006, na watengenezaji wa kadi waliacha kuiandikia draiva. Kadi iliyotengenezwa baadaye inaweza kuwa na nguvu kubwa na bado isiwe na faida yoyote kwako. Hakikisha draiva ya Windows 98 ipo, na uipakue kabla ya kulipa.

5. Kumbukumbu

Vipande vya kumbukumbu, yaani RAM, hutambulika kwa idadi ya pini na mapengo. Aina ya SDRAM, inayotumiwa na mashine yetu, ina pini 168 na mapengo mawili. Aina ya DDR iliyoifuata ina pini 184 na pengo moja, na haiingii katika sloti ya SDRAM. Usiilazimishe.

Tatizo lililojificha zaidi ni la chipu zilizobandikwa juu ya kipande. Chipseti ya 440BX haitambui sawasawa chipu zenye ujazo mkubwa zilizokuja baadaye. Kipande cha MB 256 kinachoifaa huwa na chipu 16, nane kila upande. Kipande cha MB 256 chenye chipu nane tu huweza kuonekana kama cha MB 128, au kuizuia mashine kuwaka. Vipande hivyo viwili huuzwa kwa jina moja, na muuzaji anaweza asijue tofauti. Hesabu chipu kabla ya kulipa.

Wala usinunue kumbukumbu nyingi kwa kudhani kuwa mwendo utaongezeka. Windows 98 hupata matatizo inapozidishiwa MB 512, hadi irekebishwe mipangilio yake. Kwa michezo ya wakati wake, MB 256 zinatosha.

6. Prosesa

Jina Pentium III lilitumika kwa prosesa zisizobadilishana. Za mwanzo, za Februari 1999, zilitumia takriban volti 2.0 na zilikaa katika sloti ndefu. Zilizofuata kuanzia Oktoba mwaka huohuo zilihitaji takriban volti 1.65, na baadhi ya bao za 440BX za mwanzo haziwezi kushusha umeme kiasi hicho. Zile za mwaka 2001, zijulikanazo kwa jina la Tualatin, zinaingia katika soketi ya pini 370 kama zilizotangulia, lakini hazifanyi kazi katika bao za zamani bila kiunganishi maalumu. Kabla ya kununua prosesa ya kasi zaidi, tafuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa na ubao wako kwa namba yake ya toleo. Usipoipata, bakia na prosesa uliyo nayo.

7. Hifadhi ya data

Diski kuu za zamani za aina ya IDE zimechakaa, na hata inayofanya kazi leo haina dhamana ya kesho. Badala rahisi ni kadi ya CompactFlash pamoja na kiunganishi chake cha pini 40, kwa kuwa kadi hizo ziliundwa ziweze kuzungumza lugha ya IDE.

Ukubwa ndio wenye mtego. BIOS nyingi za kabla ya katikati ya mwaka 1999 hukwama zinapokutana na diski inayozidi GB 32 hivi. Programu ya kugawa diski ya Windows 98 hukosea hesabu kwa diski inayozidi GB 64, hadi irekebishwe. Ukivuka GB 137, Windows 98 yenyewe huweza kuandika data mahali pasipostahili na kuharibu kilichokuwapo. Kadi ya GB 8 au 16 hupita chini ya mipaka hiyo yote, nayo ni kubwa kuliko diski nyingi za wakati ule.

8. Sauti na skrini

Michezo ya DOS ilitarajia kadi ya sauti ya sloti ndefu ya ISA, hasa zinazoendana na Sound Blaster 16 ya mwaka 1992. Kadi za sloti fupi ya PCI hufaa kwa michezo ya Windows, lakini michezo mingi ya DOS huzisikia kwa taabu au haizisikii kabisa. Angalia kwanza kama ubao wako una sloti ya ISA.

Kwa upande wa skrini, chagua yenye tundu la VGA. Waya mtupu wa kugeuza VGA kuwa HDMI haufanyi kazi. Kinachohitajika ni kigeuzi chenye saketi yake ya umeme.

9. Kuzungumza na muuzaji

Ombi lenye manufaa hutaja mashine, kazi na sharti. Mfano wa ujumbe:

"Habari za kazi, ndugu. Natafuta kadi ya picha ya AGP ya volti 3.3 kwa ajili ya ubao mama wenye chipseti ya Intel 440BX, nitakaoutumia na Windows 98. Naomba picha ya pande zote mbili za kadi, pini zake zikionekana, pamoja na kibandiko chake. Je, imejaribiwa? Isipofanya kazi katika mashine hii, utanirudishia fedha ndani ya siku ngapi?"

Jibu la "inaingia tu, usijali" halitoshi. Dukani, omba kifaa kiwashwe mbele yako, au ubebe mashine yako. Omba risiti, na uombe iandikwe jina kamili la kifaa, mashine kitakayotumika, na muda wa kukirudisha.

10. Haki za mlaji

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomjulisha mfanyabiashara kazi mahususi anayoikusudia, akitegemea ujuzi wake, huchukuliwa kuwa lipo sharti kwamba bidhaa itaifaa kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha. Ndiyo sababu ujumbe wa hapo juu unataja ubao mama na Windows 98. Anayetaja jina la biashara la kifaa peke yake, bila kueleza kazi, huenda asifikiwe na ulinzi huo.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza kauli za kupotosha katika biashara. Maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hayamruhusu muuzaji kusema uongo kuhusu kifaa. Mlaji aliyepotoshwa aanze kwa kumwandikia muuzaji, akiambatanisha risiti, ujumbe waliotumiana na picha. Asiporidhika, awasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa sheria hiyo. Kwa muuzaji aliye nje ya nchi, ulinzi huu ni mgumu kutekelezwa. Tegemea masharti ya kurejeshewa fedha ya jukwaa ulilolipia, na usilipe nje ya jukwaa hilo.

Maswali ya kujipima

1. Muuzaji anakupa kadi ya AGP yenye pengo moja, mbali na bati la nyuma. Je, inaifaa mashine ya 440BX?
2. Vipande viwili vya SDRAM vya MB 256 vinauzwa kwa bei tofauti. Cha bei ya chini kina chipu nane. Utachagua kipi, na kwa nini?
3. Umepokea kompyuta kutoka Marekani. Utatazama nini kabla ya kuichomeka?
4. Kwa nini uandike jina la mashine yako katika ujumbe kwa muuzaji?

Majibu

1. Haifai. Ni ya volti 1.5, na ubao huo hutoa volti 3.3. 
2. Chenye chipu 16, kwa sababu chipseti hiyo haizitambui sawasawa chipu za ujazo mkubwa. 
3. Swichi ya volti nyuma ya pawasaplai, iwe kwenye 230. Isiyo na swichi, kibandiko kitaje 230 au 240. 
4. Ili kazi iliyokusudiwa ijulikane kwa muuzaji kabla ya mauzo, na upate ushahidi iwapo kifaa hakitafaa.